Upumuaji wa Chumba cha Krenki katika Injini za Magari zenye Tabo: Ufafanuzi wa Utendaji, Hitilafu na Vipimo kwa Mazingira ya Kagondo, Mkoani Kagera

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna chumba cha krenki katika injini ya gari yenye tabochaja kinavyopumua, sababu zinazofanya upumuaji huo ukwame, na namna ya kuupima. Hoja kuu ni kwamba hitilafu ya upumuaji hujidhihirisha kwa dalili zilezile za tabo iliyochakaa au ringi zilizokwisha, na kwamba katika nyanda za Buhaya, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kuliko ya pwani, vipimo viwili vinavyotegemewa sana gereji huweza kumpotosha fundi. Makala yanapendekeza kwamba uchunguzi uanze na manomita ya maji, kwa kuwa kipimo hicho hulinganisha chumba cha krenki na hewa ya mahali gari lilipo na hivyo hakihitaji kusahihishwa kwa ajili ya mwinuko.

1.0 Utangulizi

Jina Kagondo hubebwa na kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Bukoba na pia na eneo la Wilaya ya Muleba ambalo hospitali yake inafahamika kote Buhaya. Mahali hapa pawili panaunganishwa na barabara inayotoka Bukoba kwenda Muleba na kuendelea hadi Biharamulo. Nchi hii ni ya matuta marefu yanayoelekeana na ufuo wa Ziwa Viktoria, yakitenganishwa na mabonde yenye majimaji. Gari linalosafiri humo hupanda na kushuka mara nyingi katika safari moja, na injini yake hupita kutoka mzigo mdogo kwenda mzigo mkubwa na kurudi tena.

Miongoni mwa injini zenye tabo zinazofahamika sana Tanzania ni 1KZ-TE ya dizeli yenye ujazo wa lita 3.0, iliyofungwa katika Toyota Land Cruiser Prado na Hilux Surf, 1KD-FTV iliyoifuata, na EJ20 ya petroli katika Subaru Forester na Impreza. Mengi ya magari haya huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa. Mipira yake imekauka, na historia ya ubadilishaji wa oili haijulikani kwa mnunuzi.

Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni la hukumu. Gari linapofikishwa gereji likitoa moshi wa buluu, likivuja oili kwenye sili za krenki au likiwa na oili ndani ya mabomba ya hewa, hukumu ya kawaida ni moja kati ya mbili: tabo imekufa, au ringi zimekwisha. Hukumu ya kwanza humtaka mwenye gari anunue tabo, ambayo aghalabu hutafutwa Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Ya pili humtaka afungue injini nzima. Ipo sababu ya tatu, nayo ni kuziba au kuharibika kwa njia ndogo inayopitisha gesi kutoka chumba cha krenki. Sababu hii ikiachwa bila kuchunguzwa, tabo mpya itavuja kama ile ya zamani, na injini iliyofunguliwa itarudi gereji na dalili zilezile. Kwa mwenye gari la abiria, hasara hiyo huweza kuwa ndiyo mwisho wa kazi yake. Kwa gari la kubeba wagonjwa, siku za kusubiri kipuri zina gharama isiyopimwa kwa fedha.

Makala haya ni ya kiufafanuzi. Hayatoi takwimu za magari yaliyochunguzwa, bali yanaeleza utendaji wa mfumo kwa misingi ya fizikia na ya uundaji wa injini, kisha yanaonyesha misingi hiyo inadai nini mahali penye mwinuko na hali ya hewa ya Kagondo.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Chumba cha krenki ni nafasi iliyozungukwa na bloku upande wa juu na sampu upande wa chini, ambamo krenkishafti huzunguka. Katika injini nyingi nafasi hiyo imeunganishwa, kwa matundu ya kurudishia oili, na nafasi iliyo chini ya kava ya tapeti. Kwa hiyo kanieneo ya sehemu hizo mbili huwa karibu sawa.

Gesi penyezi ni gesi inayopenya kutoka juu ya pistoni, ikipita pembeni mwa ringi, na kuingia chumba cha krenki. Briza ni njia inayoitoa gesi hiyo: tundu, kitenganisha oili, na mpira wake. Vali ya PCV ni vali ya njia moja iliyowekwa kati ya chumba cha krenki na manifoldi ya kuingizia hewa katika injini nyingi za petroli.

Kanieneo ni nguvu inayosukuma eneo, nayo hupimwa kwa kilopaskali (kPa). Ombwe katika makala haya halina maana ya utupu kamili, bali ni kanieneo iliyo chini ya ile ya hewa ya nje. Kanieneo ya tabo ni ile inayozidi ya hewa ya nje ndani ya manifoldi, tabo inaposukuma.

3.0 Chanzo na mjengo wa gesi penyezi

Hakuna ringi inayoziba silinda kabisa. Ncha mbili za ringi huachiwa mwanya ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kikipata moto, na gesi hupita katika mwanya huo hata injini ikiwa mpya. Kiasi cha gesi penyezi huongezeka kadiri kanieneo ndani ya silinda inavyoongezeka. Hapa ndipo injini yenye tabo inapotofautiana na injini ya kawaida: inaposhika mzigo, silinda zake hujazwa hewa iliyokwisha kukandamizwa, kanieneo ya mwako hupanda, na gesi penyezi huwa nyingi hata kama ringi ni nzima.

Gesi hiyo ina vitu vinne vinavyohusika na mada yetu: mchanganyiko wa hewa na mafuta ambao haujaungua, mabaki ya mwako, ukungu wa oili, na mvuke wa maji. Mvuke huu wa mwisho haupewi uzito unaostahili. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja, yakiwa katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa hutoka na moshi wa ekzosi, lakini sehemu ndogo hupenya pamoja na gesi nyingine hadi chini. Oili ikiwa ya moto, mvuke huo hubaki mvuke na kuondolewa na briza. Oili ikiwa baridi, mvuke hugeuka maji, huchanganyika na oili, na kufanya rojo jeupe linalofanana na mtindi. Rojo hilo hukutwa chini ya kifuniko cha kujazia oili na ndani ya mipira ya briza.

Gesi penyezi isipopata pa kutokea, kanieneo ndani ya chumba cha krenki hupanda. Kiasi kinachohitajika ili kudhuru ni kidogo. Kilopaskali 1 ni takriban asilimia moja tu ya kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Lakini kwenye sampu yenye eneo la mita ya mraba 0.15, hiyo ni nguvu ya nyutoni 150, sawa na uzito wa kilo 15 hivi ukisukuma kutoka ndani. Sili za krenki na gasketi za kava zimeundwa kuzuia oili inayorushwa, si kuhimili msukumo wa gesi unaodumu.

4.0 Njia za kupumua

Magari ya zamani yalitoa gesi penyezi nje moja kwa moja, kupitia bomba lililoelekezwa chini ya gari na kufyonzwa na upepo wa mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, California ilianza kudai magari mapya yairudishe gesi hiyo ndani ya injini ili iungue, kwa sababu ilikuwa sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa wa magari. Mfumo wa kufungwa ukaenea kutoka hapo. Injini kubwa za dizeli zenye tabo za magari ya mizigo ziliendelea kuruhusiwa nchini Marekani kutoa gesi hiyo nje hadi kanuni za injini za mwaka 2007, na sababu iliyotolewa ilikuwa hofu kwamba ukungu wa oili ungeichafua tabo na kipoza hewa chake. Hofu hiyo ina msingi, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini kitenganisha oili ni kiungo muhimu katika injini za namna hii.

4.1 Injini ya petroli yenye tabo

Injini ya petroli isiyo na tabo huwa na hali moja tu ya manifoldi: ombwe, kubwa au dogo. Njia moja ya kufyonza inatosha. Injini yenye tabo ina hali mbili zinazopingana, na kwa hiyo huhitaji njia mbili.

Katika hali ya kwanza injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, au inakwenda kwa mzigo mdogo. Kilango cha hewa kimefungwa karibu chote, na ndani ya manifoldi pana ombwe. Vali ya PCV hufunguka. Gesi hufyonzwa kutoka chumba cha krenki na kuingia manifoldi. Wakati huohuo hewa safi iliyokwisha kupita kwenye kichujio huingia kwa mpira wa pili, unaotoka kwenye bomba lililo kabla ya tabo hadi kava ya tapeti. Hivyo chumba hufagiwa: hewa safi yaingia upande mmoja, gesi chafu na mvuke vyatoka upande mwingine.

Katika hali ya pili dereva amekanyaga mafuta na tabo inasukuma. Manifoldi sasa ina kanieneo kubwa kuliko hewa ya nje. Vali ya PCV lazima ijifunge, la sivyo hewa ya tabo ingeingia chumba cha krenki. Mpira wa pili hubadili mwelekeo: badala ya kuleta hewa safi, hupeleka gesi penyezi kwenye bomba lililo kabla ya tabo, ambako mfyonzo wa tabo huweka ombwe dogo. Gesi hupita kwenye gurudumu la kukandamiza hewa, kipoza hewa na manifoldi, kisha huungua.

Kutokana na mpangilio huo hitilafu za vali zinaweza kubainishwa. Vali iliyokwama ikiwa imefungwa haizuii gari kupanda mlima, lakini huondoa ufagiaji wa mzigo mdogo. Mvuke hubaki, na oili hugeuka tope. Vali iliyokwama ikiwa wazi haina dalili gari likisimama. Gari likishika mlima, hewa ya tabo humiminika chumba cha krenki, kijiti cha kupimia oili huruka, na sili huvuja. Dereva huona oili baada ya kupanda na haoni baada ya safari ya tambarare.

4.2 Injini ya dizeli yenye tabo

Dizeli nyingi za zamani hazina kilango cha kudhibiti hewa, na zile zilizo nacho hazikitumii kwa namna ya petroli. Kwa hiyo ombwe la manifoldi ni dogo au halipo, na vali ya PCV ya aina iliyoelezwa haina kazi. Mpangilio wa kawaida ni mpira mmoja unaotoka kava ya tapeti, yenye vibamba vya kutenganisha oili ndani yake, hadi bomba lililo kati ya kichujio cha hewa na tabo. Usahili huo huwafanya wengi waamini kwamba hakuna cha kuharibika. Kwa kweli, njia ikiwa moja tu, kuziba kwake hakuachi njia ya akiba.

Upo pia ukweli mwingine unaohusu dizeli. Gesi ya chumba cha krenki haitoki kwenye ringi peke yake. Pampu ya ombwe ya breki katika dizeli nyingi humwaga hewa yake ndani ya injini. Mpira wa buusta ya breki ukipasuka, pampu hufyonza hewa bila kukoma na kuisukuma chumba cha krenki. Vilevile tabo iliyochakaa hupitisha gesi za ekzosi kwenye bomba lake la kurudishia oili. Fundi anayeona moshi mwingi kwenye kifuniko cha oili na kuhukumu ringi papo hapo huwa ameruka vyanzo viwili.

5.0 Uhusiano wa chumba cha krenki na tabo

Ekseli ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa kazini, ikielea juu ya utando wa oili. Oili huingia kwa msukumo wa pampu ya injini, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikiteremka kwa bomba pana hadi sampu. Sili za ekseli hiyo hazibani kama sili za mpira. Ni ringi nyembamba zinazotegemea oili iwe inatoka upesi, na gesi ya pande mbili za ekseli iwe na kanieneo kubwa kuliko ile ya katikati.

Chumba cha krenki kikiwa na kanieneo iliyozidi, bomba la kurudishia oili husukumwa kutoka chini. Oili hukwama katikati ya tabo na kutafuta njia pembeni. Ikitokea upande wa hewa, hujaa kwenye kipoza hewa. Ikitokea upande wa ekzosi, huungua na kutoa moshi wa buluu. Tabo yenyewe huenda ni nzima kabisa. Kuibadilisha hakuondoi kisababishi, kwa kuwa tabo mpya hutegemea bomba lilelile na chumba kilekile.

Katika dizeli hatari ni kubwa zaidi. Injini ya dizeli huweza kuunguza oili kama mafuta. Oili nyingi ikiingia kwa njia ya hewa, kutoka kwenye tabo au kutoka kwenye briza ya injini iliyojazwa oili kupita kiasi, injini huweza kukimbia kwa kasi isiyozuilika kwa ufunguo, kwa kuwa ufunguo hukata dizeli na si oili. Hapo hubaki kuziba njia ya hewa, au kuacha gari kwenye gia kubwa breki zikiwa zimeshikwa ili injini izimike.

6.0 Mazingira ya Kagondo na athari zake kwa vipimo

6.1 Mwinuko

Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na matuta ya Bukoba na Muleba yako juu zaidi. Kanieneo ya kawaida ya hewa usawa wa bahari ni 101.3 kPa, katika mita 1,134 ni takriban 88.4 kPa. Pungufu hilo la karibu asilimia 13 lina matokeo matatu.

Kwanza, geji ya ombwe husoma kidogo. Injini nzima ya petroli ambayo Dar es Salaam ingesoma inchi 18 hadi 20 za zebaki ikinguruma bila kukanyagwa, ufukweni mwa Bukoba itasoma takriban inchi 14 hadi 16. Usomaji huo, ukilinganishwa na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, unafanana na usomaji wa injini yenye mpira uliopasuka au vali zisizokaa sawa.

Pili, geji ya mgandamizo wa silinda nayo hushuka. Silinda inayotoa bar 12 pwani hutarajiwa kutoa bar 10.5 hivi ufukweni mwa ziwa, kwa sababu hewa iliyoingia ilikuwa pungufu tangu mwanzo. Fundi asiyefanya sahihisho hilo anaweza kuhukumu ringi nzima kuwa zimekwisha. Kinachofaa zaidi ni kulinganisha silinda za injini ileile zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa mwinuko huzishusha zote kwa uwiano mmoja.

Tatu, tabo hufanya kazi zaidi. Ili manifoldi ipate kanieneo kamili ya 181 kPa, tabo iliyo usawa wa bahari hukandamiza hewa kwa uwiano wa takriban 1.8, iliyo ufukweni mwa Bukoba huhitaji uwiano wa takriban 2.05. Katika magari ambayo kompyuta hutafuta kanieneo kamili ileile, ekseli huzunguka kwa kasi zaidi na ujazo wa hewa inayofyonzwa huongezeka. Kichujio kikiwa kimejaa vumbi jekundu la kiangazi, ombwe kabla ya tabo huwa kubwa na hufyonza ukungu mwingi wa oili kupitia briza. Oili kwenye kipoza hewa basi inaweza kuwa ushahidi wa kichujio kichafu, kabla ya kuwa ushahidi wa tabo mbovu.

6.2 Unyevu na safari fupi

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na asubuhi zake ni za baridi kiasi. Ni rahisi kudhani kwamba rojo jeupe ndani ya briza limetokana na mvua. Kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.0, maji hayo kwa sehemu kubwa ni zao la mwako. Mchango wa hali ya hewa na wa matumizi ni kuyazuia yasiondoke: gari linalotoka Kagondo ya Bukoba kwenda sokoni na kurudi halifikishi oili kwenye joto la kutosha kukausha mvuke, na mpira wa briza uliopigwa na upepo baridi huugeuza mvuke kuwa maji njiani. Safari ya mara kwa mara hadi Muleba, injini ikishika mzigo kwa saa nzima, hukausha kile ambacho safari fupi za wiki zimelimbikiza. Aidha, rojo peke yake si uthibitisho kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Ni lazima kiwango cha maji ya rejeta kichunguzwe kabla ya hukumu hiyo kutolewa.

7.0 Utaratibu wa vipimo unaopendekezwa

Manomita ya maji ni mpira angavu uliopindwa kwa umbo la herufi U, ukafungwa kwenye ubao wenye vipimo vya sentimita na kujazwa maji hadi katikati. Ncha moja huachwa wazi. Nyingine huunganishwa na mrija wa kijiti cha kupimia oili. Iwapo mrija huo unazama ndani ya oili, kifuniko cha kujazia oili kilichotobolewa na kuzibwa vema hutumika badala yake. Tofauti ya sentimita 10 kati ya nguzo mbili za maji ni sawa na takriban kilopaskali 1. Kila mguu uwe na urefu wa nusu mita au zaidi, na chupa tupu iwekwe kati ya manomita na injini ili maji yasifyonzwe ndani.

Ubora wa chombo hiki kwa Kagondo uko katika jambo moja: husoma tofauti kati ya chumba cha krenki na hewa iliyopo hapohapo. Sifuri yake ni ileile Tanga, Bukoba na juu ya matuta ya Muleba. Uchunguzi ufuate hatua hizi:

1. Kiwango cha oili kipimwe gari likiwa mahali tambarare, na kichujio cha hewa kikaguliwe. Oili iliyozidi na kichujio kilichoziba huzalisha dalili zote zilizotajwa bila kitu kingine kuharibika.

2. Mipira yote ya briza ifunguliwe, ikaguliwe kama imepasuka, imejikunja ndani au imeziba, na isafishwe. Vali ya PCV ipulizwe kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi: ipitishe hewa kuelekea manifoldi na iikatae kinyume chake.

3. Manomita isomwe injini ikiwa ya moto, kwanza bila kukanyagwa, kisha kwa mizunguko 2,500 kwa dakika. Injini nzima ya petroli huonyesha ombwe dogo. Dizeli husoma karibu na sifuri au ombwe dogo sana.

4. Manomita isomwe gari likipanda mlima kwa mzigo, mpira wake ukiwa umepitishwa hadi ndani na kusomwa na mtu asiyeendesha. Usomaji ulio mzuri gari likisimama, kisha ukaruka juu mara tabo inaposukuma, humweka vali ya PCV kuwa mshukiwa wa kwanza.

5. Usomaji ukiwa juu wakati wote, mpira wa briza utolewe upande wa bomba la hewa na kuelekezwa kwenye chombo. Usomaji ukishuka, kizuizi kiko mbele ya mpira huo. Usiposhuka, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe: gesi ikiwa chache, kizuizi kiko kwenye kitenganisha oili ndani ya kava, gesi ikiendelea kutoka kwa nguvu, basi ni gesi iliyozidi kweli.

6. Hapo tu ndipo vyanzo vichunguzwe kwa zamu: mpira wa buusta na pampu ya ombwe, mgandamizo wa kila silinda pamoja na sahihisho la mwinuko, na uchakavu wa ekseli ya tabo.

Viwango vya mwisho vinavyokubalika hutofautiana kati ya injini na injini, na kauli ya mwisho ni ya mwongozo wa mtengenezaji. Hata hivyo, mtiririko wa hatua haubadiliki: unaanza na kisichogharimu kitu na kuishia na kinachogharimu sana.

8.0 Marekebisho yafaayo na yasiyofaa

Rekebisho linaloonekana rahisi ni kuchomoa mpira wa briza na kuuacha uning'inie chini ya gari, huku tundu la bomba la hewa likizibwa. Kipoza hewa hubaki kikavu, lakini madhara yake ni matatu. Ufagiaji wa chumba hupotea katika injini ya petroli, na tope la oili huongezeka. Tundu likiachwa wazi badala ya kuzibwa, tabo hufyonza vumbi lisilochujwa, na injini yenye kipimahewa hupata hewa isiyohesabiwa. Tatu, oili hudondoka njiani na kusombwa na mvua kuelekea mabondeni na hatimaye ziwani, na gesi isiyoungua hutolewa hewani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 hazioni uchafuzi huo kuwa jambo la hiari ya mwenye gari.

Rekebisho lifaalo, pale ambapo kitenganisha oili cha kiwandani hakitoshi tena, ni kopo la kunasia oili lililofungwa kati ya kava ya tapeti na bomba la hewa. Kopo hilo linapaswa kuwa na vibamba ndani ili gesi ibadili mwelekeo na kuacha matone, mipira yenye upana usiopungua ule wa asili, na koki ya kumwagia chini. Mfumo ubaki umefungwa. Waya wa kusugulia sufuria usitumike kama kichujio ndani yake, kwa kuwa nyuzi zake hukatika na kufyonzwa na tabo. Kopo limwagwe mara kwa mara, hasa msimu wa mvua, maana hujaa maji haraka kuliko oili. Kinachotoka humo kisirudishwe ndani ya injini. Kimechanganyika na maji na mafuta, na kihifadhiwe pamoja na oili chafu.

9.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba injini yenye tabo hupumua kwa njia zinazobadilika kulingana na mzigo, na kwamba uzima wa tabo unategemea chumba cha krenki kuwa na kanieneo isiyozidi ile ya hewa ya nje. Imeonyeshwa pia kwamba katika mwinuko wa Buhaya injini nzima huweza kusomeka kuwa mgonjwa, iwapo geji zake zitalinganishwa na vitabu vya usawa wa bahari. Na kwamba briza iliyoziba huweza kusomeka kuwa tabo iliyokufa, iwapo hakuna aliyeipima. Makosa haya mawili yakikutana katika gari moja, mwenye gari hulipia tabo na ringi asizozihitaji.

Kwa walimu wa ufundi, makala haya yanapendekeza kwamba jedwali la masahihisho ya mwinuko liwe sehemu ya mafunzo ya vipimo vya injini katika mikoa ya Ziwa na ya Nyanda za Juu, na kwamba wanafunzi wafundishwe kutengeneza manomita yao wenyewe. Kwa watafiti, linalosubiri kufanywa ni upimaji wa uwandani wa kanieneo ya chumba cha krenki katika injini za 1KZ-TE, 1KD-FTV na EJ20 zinazofanya kazi kati ya Bukoba na Muleba, zikipimwa katika misimu yote ya mwaka na kabla ya kufunguliwa, ili viwango vya kulinganishia vipatikane kutoka kwenye barabara zinakotumika.